Clavé: Fundi wa Keezo Aliyewakusanya Vibarua kwa Nyimbo

Kila chama cha muziki, kiwe cha taarabu au cha namna nyingine, kina watu wa aina mbili. Kuna yule asimamaye mbele akashangiliwa na kutuzwa. Na kuna yule afunguaye mlango jioni, akawasha taa, akakusanya ada, akaenda kumjulia hali mwanachama mgonjwa, na mwezi ukiisha hapati hata senti. Wa kwanza hukipa chama jina. Wa pili hukipa uhai.

Leo, msomaji mpenzi, twamkumbuka bwana mmoja aliyepata umaarufu wa wale wa kwanza, lakini alilolijenga limedumu kwa jasho la hawa wa pili. Jina lake ni Josep Anselm Clavé, mzaliwa wa Barcelona huko Uhispania. Ni mji wa bandari katika nchi ya Catalonia, na Waislamu wa Andalusia waliushika hadi mwaka 801. Clavé alizaliwa humo mwaka 1824, wakati mji ukianza kujaa viwanda vya nguo za pamba.

Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mbao, lakini biashara iliharibika na nyumba ikaingia dhiki. Kijana akatiwa kazini kujifunza ufundi wa kukereza mbao. Haukupita muda macho yakaanza kumsumbua, na keezo ni kazi ya macho. Ikambidi aiache. Mkono ulioshika patasi ukashika gitaa, naye akawa akipiga katika mikahawa ya mji ili apate riziki yake.

Huko mikahawani ndiko alikoyaona maisha ya wafanyakazi wenzake. Mtu alikesha kiwandani mchana kutwa, akitoka hana pa kwenda ila kilabu cha pombe, na ujira mdogo alioupata ukaishia humo. Clavé akaona kwamba kumkemea mlevi hakutoshi. Ukimwondoa mtu mahali pabaya, yakupasa umwoneshe mahali pema pa kwenda.

Siasa nazo hazikumwacha. Alikuwa kijana wa mrengo wa jamhuri, na machafuko ya miaka ya 1840 yalimfikisha katika gereza la ngome ya Ciutadella. Miongoni mwa rafiki zake alikuwa Narcís Monturiol, yule ambaye mwaka 1859 alikuja kuunda chombo cha kwenda chini ya bahari. Monturiol alikuwa na gazeti la kuwatetea wanyonge, jina lake La Fraternidad, yaani Udugu.

Mwaka 1845 Clavé alikusanya kikundi cha wapigaji, akakiita La Aurora, maana yake Alfajiri. Miaka mitano baadaye, mwezi wa Februari 1850, kikundi hicho kikageuka kuwa chama cha waimbaji wanaume, nacho kikaitwa La Fraternidad. Ni jina lile lile la gazeti la Monturiol, na mwenye masikio alisikia. Hii haikuwa kwaya ya kanisani. Ilikuwa ni jamaa ya mafundi, wafumaji na vibarua, waliokutana usiku baada ya kazi kuimba na kusaidiana.

Wengi wao hawakujua kusoma muziki ulioandikwa, na hata kusoma na kuandika kwa kawaida wengine hawakujua. Wakafundishwa kwa sikio, sauti moja moja, mpaka wimbo ukakaa moyoni, kama vijana wetu wanavyohifadhi kasida. Mwenye sauti nene akaimba chini, mwenye nyembamba juu, na zilipokutana ukazuka mlio ambao hakuna mmoja wao angeweza kuutoa peke yake. Clavé mwenyewe alitunga maneno na sauti, kwa Kikatalani, lugha ya nyumbani kwao, na pia kwa Kihispania. Aliimba habari za wavuvi, za maua ya mwezi wa Mei, na za kazi.

Kisha yakaja majaribu. Mwaka 1855 vyama vya wafanyakazi wa Barcelona vilipigwa marufuku. Kiongozi wao mmoja, Josep Barceló, akauawa kwa hukumu mwezi wa Juni. Mwezi wa Julai wafanyakazi wakagoma, na dai lao kubwa lilikuwa haki ya kuungana. Mgomo ukazimwa. Mwaka wa pili yake, 1856, Clavé naye akakamatwa na kuhamishwa kwa nguvu mpaka visiwa vya Balearic.

Aliporudi, alifanya jambo la busara. Mwaka 1857 chama kikavua jina la Udugu lililowatia wakubwa wasiwasi, kikavaa jina la Euterpe. Katika ngano za Wayunani wa kale, Euterpe ni mlezi wa muziki. Nani atamshitaki mlezi wa muziki? Jina lilibadilika, lakini watu walikuwa wale wale, na shabaha ile ile. Ndipo vyama vya namna hiyo vikachipuka mji baada ya mji na kijiji baada ya kijiji, kila kimoja na viongozi wake waliotoka kiwandani jioni na kwenda moja kwa moja mazoezini.

Sifa zake zilienea. Katika bustani zilizokuwa nje ya mji wa kale, watu walimiminika kusikiliza, wengine asubuhi mapema. Mwezi wa Julai 1862, Clavé na waimbaji wake walipiga na kuimba maandamano ya Tannhäuser, kazi ya Mjerumani Richard Wagner. Hiyo ndiyo mara ya kwanza muziki wa Wagner kusikika Uhispania, na walioupokea kwanza hawakuwa mabwana wa jumba la opera bali watu wa mikono migumu. Katika tamasha kubwa la mwaka 1864 walikusanyika waimbaji zaidi ya 2,000.

Hapa mtu aweza kuuliza swali zito. Je, Clavé hakuwapoza wafanyakazi? Mwenye njaa akifundishwa kuimba maua, si atasahau kudai ujira wake? Hoja hiyo ina uzito, na haifai kuipuuza. Lakini tutazame yaliyotokea. Vyama vya kudai haki vilivunjwa kwa amri ya siku moja. Vyama vya kuimba vilibaki, na ndani yake mtu aliyekuwa hajapata kuongoza kitu chochote alijifunza kuja kwa wakati, kutoa ada, kuweka hesabu, na kumsikiliza mwenzake kabla ya kupaza sauti yake. Wenye kutawala wenyewe waliyajua hayo. Kama wangedhani ni mchezo mtupu, wasingemwondoa tena Clavé mjini mwaka 1867 na kumweka Madrid.

Mwaka 1868 malkia Isabel wa Pili alipinduliwa, na mlango ukafunguka. Fundi wa keezo akaingia katika serikali. Mwaka 1871 alikuwa rais wa baraza la mkoa wa Barcelona. Mwaka 1873, jamhuri ilipotangazwa, akawa gavana wa Castellón, tena mbunge. Lakini jamhuri ile haikuona mwaka wa pili ikiwa salama. Mwezi wa Januari 1874 wanajeshi waliingia bungeni na kuwatawanya wabunge. Clavé akafariki Barcelona mwezi wa Februari uliofuata, kabla ya kutimiza miaka 50.

Cheo kilipita, na jamhuri ikapita. Kilichobaki ni vile vyama. Mwaka 1888 aliwekewa sanamu mjini Barcelona. Na katika jumba mashuhuri la muziki lililofunguliwa humo mwaka 1908, Palau de la Música Catalana, kichwa chake kimechongwa upande mmoja wa jukwaa, na upande wa pili ni Beethoven.

Heshima hiyo ni kubwa, lakini kwangu mimi iko kubwa zaidi. Shirikisho la kwaya zenye jina la Clavé lingalipo Catalonia, miaka 150 na zaidi tangu azikwe. Halikulindwa na mali, maana hakuacha mali. Limelindwa na watu wasiojulikana, kizazi baada ya kizazi, wafunguao mlango jioni, wakaweka viti, wakaita majina, na kumgojea aliyechelewa. Wenye vyama katika mwambao wetu watamwelewa mtu huyu bila mkalimani. Mwimbaji mzuri akiondoka, chama huugua, lakini hupona. Akikosekana wa kufungua mlango, chama kimekufa.