Nahodha Looff na Mizinga ya Rufiji

Msomaji, mmoja wa mizinga iliyowekwa Ngome ya Yesu, Mombasa, ulitoka katika Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoundwa kwa mbio, nayo ikila makaa bila kushiba. Nahodha wake, Max Looff, alizaliwa 1874. Tarehe 20 Septemba 1914 aliipiga na kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja. Kisha mtambo ukaharibika, makaa yakawa adimu, akajificha Rufiji. Huko meli ikaangamia 11 Julai 1915. Lakini mizinga yote 10 iliopolewa, ikaburutwa bara na wapagazi (nani aliyaandika majina yao?), ikawarindimia askari wa K.A.R. Miongoni mwa askari hao walikuwamo Wanubi, wenye makazi Kibera, Nairobi. Looff alitekwa 1917, akafa 1954. Wanubi walipata hati ya ardhi yao Kibera 2017.