Howard Temin, profesa aliyeonyesha namna virusi vinaingia katika ADN yetu

Kwa muda wa miaka sita, wanasayansi wengi walimwona Howard Temin kama mtu aliyepotea njia. Mwaka wa 1964, profesa huyo wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, Amerika, alisema kwamba virusi fulani vya kansere ya kuku, vilivyoundwa kwa ARN, vinajigeuza kwanza kuwa ADN na kujiweka ndani ya ADN ya chembe ya mwili. Wakati ule shuleni walifundisha kwamba habari inatoka katika ADN kwenda katika ARN, hairudi nyuma.

Temin alizaliwa Philadelphia tarehe 10 Desemba 1934, mtoto wa avoka. Alisomea California kwa Profesa Renato Dulbecco, na huko ndiko alikoanza kuchunguza virusi vya Rous, vilivyojulikana tangu 1911. Alipofika Madison mwaka wa 1960, labo aliyopewa ilikuwa chini kabisa ya jengo.

Jambo moja lilimsumbua. Actinomycin D, dawa inayozuia ADN isitoe ARN, ilisimamisha pia virusi hivyo. Kama ni vya ARN tu, dawa ya ADN inavigusa namna gani? Wenzake walijibu kwamba vipimo vyake havikutosha, na kusema kweli havikutosha bado.

Mwaka wa 1970, yeye na Satoshi Mizutani, kijana kutoka Japani, walikuta ndani ya virusi vyenyewe enzimu inayonakili ARN kuwa ADN. David Baltimore, katika labo nyingine ya Amerika, aliipata wakati uleule bila kushirikiana nao. Ripoti zote mbili zilitoka pamoja katika gazeti la Nature mwezi wa sita. Kicheko kikaisha.

Wengine walieleza baadaye namna virusi vinavyoingia. Enzimu nyingine ya virusi inakata ADN ya chembe na kushikiza ile mpya, lakini inaacha matundu madogo pembeni. Chembe ina mafundi wake wa kutengeneza ADN iliyoharibika; wanafika, wanaziba matundu, na hivyo mwenye nyumba anamfungia mwizi ndani kwa mikono yake mwenyewe. Ndiyo sababu anayeishi na VIH anameza dawa kila siku: ARV zinazuia virusi kuzaana, ila hazitoi kile kilichokwisha kushonwa ndani ya ADN.

Enzimu ya Temin ilisaidia watafiti wa Paris kutambua virusi vya SIDA mwaka wa 1983. AZT, dawa ya kwanza iliyokubaliwa mwaka wa 1987, ilipiga enzimu hiyohiyo. Tenofovir na lamivudine za leo zinafanya vilevile.

Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka wa 1975, pamoja na Baltimore na Dulbecco, mwalimu wake. Siku ya kuipokea alitimiza miaka 41. Katika karamu, mbele ya wakubwa, hakusema sana juu ya virusi: aliwalaumu watu wanaoendelea kuvuta sigara huku ikijulikana kwamba inaleta kansere.

Yeye hakuvuta sigara. Kansere ya mapafu ilimuua tarehe 9 Februari 1994, akiwa na miaka 59. Huko Madison, njia ya kando ya ziwa Mendota inaitwa kwa jina lake.