Mkaguzi wa Migodi Aliyeisoma Misitu

Sisi wanaisimu twamtukuza Wilhelm von Humboldt kwa utafiti wake juu ya Kikawi, lugha ya kale ya Java. Nduguye mdogo, Alexander, twamtaja kwa kupitia tu. Huko ni kumpunja.

Alexander alizaliwa Berlin mwaka 1769. Mama yake alimtakia utumishi wa serikali, naye akatii: alisomea madini huko Freiberg na kufanywa mkaguzi wa migodi wa Prussia mwaka 1792. Mama alipofariki mwaka 1796 na kumwachia urithi, kijana huyo aliacha kazi ile ya heshima. Wangapi wetu wangethubutu? Mwaka 1799 alipanda merikebu kuelekea Amerika ya Kusini pamoja na Aimé Bonpland, mtaalamu wa mimea kutoka Ufaransa.

Mwaka 1800 walifika Ziwa Valencia, katika nchi ya leo ya Venezuela. Maji yalikuwa yakipungua, na baadhi ya wenyeji wakishuku kuwa yanavujia chini ya ardhi. Humboldt aliona chanzo juu ya ardhi: misitu ya milimani ilikuwa imefyekwa, na mito ikachepushwa kumwagilia mashamba ya nili. Miti ikitoweka, alieleza, chemchemi hukauka. Mvua ikinyesha, maji huporomoka kwa kishindo na kuuchukua udongo. Hoja hiyo, ambayo leo twaihubiri kana kwamba ilizaliwa jana, ina zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1802, akiupanda mlima Chimborazo, aliona jinsi uoto unavyobadilika kwa kadiri ya kimo na baridi. Mwaka 1817 alichora mistari ya kuunganisha mahali penye wastani sawa wa joto.

Shuleni kwetu mwanafunzi hulazimishwa mapema kuchagua baina ya sayansi na lugha. Humboldt hakuujua ukuta huo. Huko Amerika alikusanya pia sarufi za lugha za wenyeji, akampelekea Wilhelm. Kijijini Maypures alionyeshwa kasuku mzee ambaye, kwa maelezo ya wenyeji, hakueleweka kwa kuwa alisema lugha ya Waatures, kabila lililokwisha toweka.

Wilhelm alifariki mwaka 1835, na ni Alexander aliyesimamia uchapishaji wa kazi yake ya Kikawi. Urithi ulikuwa umemalizikia katika safari na vitabu, hata ikambidi kuishi kwa posho ya mfalme. Alifariki Mei 1859, akiwa na miaka 89, juzuu ya tano ya Kosmos ikiwa haijakamilika.