JAMES CHUMA NA NYUMBA YA KWIHARA

Kilomita chache nje ya mji wa Tabora, mahali paitwapo Kwihara, ipo nyumba ya tembe ambayo leo ni makumbusho. Kuta zake ni nene, za udongo, na paa lake ni tambarare. Ni nyumba ya zamani za Waarabu waliofanya biashara ya pembe na watumwa katika Unyanyembe. Ilibomoka, ikajengwa upya, nayo huitwa nyumba ya Livingstone. Jina hilo ni la haki, kwa sababu Dakta David Livingstone alikaa humo mwaka 1872. Lakini uamuzi mkubwa kuliko yote uliofanyika Kwihara haukuwa wake, maana siku ile yeye alikuwa amekwisha kufa. Ulifanywa na watumishi wake, na mmoja wa viongozi wao alikuwa James Chuma. Yafaa sisi Waanglikana tuyajue maisha ya mtu huyu.

Chuma alikuwa Myao, akazaliwa yapata mwaka 1850. Alipokuwa bado mtoto alitiwa utumwani. Mwezi wa Julai 1861, msafara wa watumwa aliokuwamo ulikutana na Livingstone katika nchi ambayo sasa ni Malawi. Pamoja na Livingstone alikuwapo Askofu Charles Mackenzie na wenzake wa Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA. Walinzi wa msafara wakakimbia, watumwa wakafunguliwa. Basi mtoto Chuma akakaa Magomero pamoja na wamisionari. Askofu Mackenzie alifariki kwa homa Januari 1862, na baadaye misheni ile ikahamia Unguja. Kwa hiyo Chuma alikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza kabisa kulelewa na misheni iliyoleta Kanisa letu katika nchi hizi.

Mwaka 1864 Livingstone alimchukua kwa merikebu hadi Bombay, akamwacha shuleni kwa Dakta John Wilson, mmisionari wa Kiskoti. Huko Chuma akabatizwa, akapewa jina la James. Mwaka 1866 alirudi Afrika pamoja na Livingstone, wakashuka Mikindani na kuingia bara. Wengi walitoroka katika safari ile. Chuma naye hakuwa malaika. Mwaka 1868 yeye na wenzake kadhaa waligoma kumfuata bwana wao Bangweulu, kwa kuwa walikuwa wamechoka. Baadaye wakamrudia, naye akawapokea bila kinyongo.

Novemba 1871 H. M. Stanley alimkuta Livingstone huko Ujiji, naye ni mgonjwa na maskini. Wakasafiri pamoja, na Februari 1872 wakafika Kwihara. Stanley akaondoka mwezi wa Machi. Livingstone akabaki katika nyumba ile zaidi ya miezi mitano akingoja wapagazi kutoka pwani. Walipofika, akaanza safari tarehe 25 Agosti, na Chuma na Susi walikuwa pamoja naye. Hakurudi tena akiwa hai. Alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, mapema Mei 1873.

Sasa watumishi wale wangefanya nini? Bwana aliyewaajiri amekufa, pwani ni mbali mno, na katika nchi zile watu waliogopa sana maiti kupitishwa kwao. Wangeweza kumzika na kutawanyika, wala hakuna ambaye angewalaumu. Lakini walifanya shauri, wakakubaliana kumrudisha kwao. Waliuzika moyo wake chini ya mti wa mvula, na Jacob Wainwright, aliyesoma shule ya Nasik huko Uhindi, akasoma ibada ya maziko. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaufunga kwa nguo, maganda ya mti na turubai. Kisha wakaondoka, Chuma na Susi wakiwa viongozi. Wengine waliugua, wengine walifia njiani. Tena, katika kijiji kimoja walikokataliwa kuingia, walipigana, na watu wakauawa. Jambo hilo nalo limo katika habari zao, si vema kulificha.

Oktoba 1873 walifika Kwihara. Katika nyumba ile ile walimkuta Luteni Verney Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike papo hapo. Alisema njia ya mbele ni ya hatari, na labda marehemu mwenyewe angependa kulala katika ardhi ya Afrika, kama mkewe Mary aliyezikwa Shupanga. Maneno yale hayakuwa mabaya, na msemaji alikuwa afisa wa jeshi la maji la Uingereza. Lakini wale watumishi walikataa kwa heshima, wala hawakugeuka. Mtu aliyepata kuwa mtumwa alisimama katika nyumba ya mji uliotajirika kwa watumwa, akashika neno lake.

Hatari aliyoisema Cameron ilikuwa ya kweli. Mbele kidogo, huko Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite. Basi wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wenzao wachache wakayabeba kama wanaorudi Unyanyembe kuzika. Walipofika mbali wakayatupa porini, wakarudi usiku. Mwili wenyewe ulikuwa umefungwa upya kama mtumba wa nguo, ukapita salama.

Sikukuu ya Krismasi 1873, jiwe la kwanza la Kanisa Kuu la Mkunazini liliwekwa Unguja, palipokuwa soko la watumwa. Siku hiyo Chuma na wenzake walikuwa bado njiani na mzigo wao. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, baada ya miezi tisa hivi. Leo katika kanisa hilo upo msalaba uliochongwa kwa mti ule wa kwa Chitambo.

Pwani walilipwa ujira wao, wakaachishwa kazi. Livingstone alipozikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, ni Wainwright peke yake aliyekuwapo. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baadaye mwaka ule, kwa hisani ya rafiki wa marehemu. Huko walimsaidia Horace Waller kutengeneza kitabu cha safari za mwisho za Livingstone. Waller huyo alikuwa amemjua Chuma mtoto huko Magomero.

Aliporudi Unguja, Chuma alilitumikia Kanisa. Mwaka 1875 alikuwa kiongozi wa msafara wa Askofu Edward Steere kwenda nchi ya Wayao, na kazi ile ndiyo iliyotangulia kuanzishwa kwa Masasi mwaka 1876. Mwaka 1879 alikuwa mnyapara wa msafara wa Keith Johnston. Johnston alifariki njiani, na kijana Joseph Thomson, mwenye miaka 21 tu, akashika uongozi. Kwa busara ya Chuma walifika Ziwa Nyasa na Tanganyika, wakarudi salama mwaka 1880. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, katika uangalizi wa misheni, umri wake ukiwa miaka 30 na kidogo.

Ndugu Wakristo, katika kila mtaa wapo watu wa namna hii: mzee anayepiga kengele alfajiri, mama anayefagia kanisa, mwinjilisti anayekwenda kwa miguu kuwatazama wagonjwa. Majina yao hayaandikwi ukutani. Ukipata nafasi ya kufika Kwihara, ingia ulitazame tembe lile, umkumbuke Livingstone. Kisha umkumbuke na Chuma, uliyeletewa Injili katika njia alizozifungua, ukamshukuru Mungu kwa ajili yao wote wawili.