Burt Munro, Mzee wa Pikipiki Moja

Katika gazeti letu tumezoea kuandika maisha ya watu waliokwisha kufa, ili tupate funzo. Mara nyingi ni wakubwa wa serikali ao waandishi wa vitabu. Mara hii sisi wa mwaka wa sita tumechagua fundi wa pikipiki. Najua-yote wa darasa watacheka. Lakini wangoje kidogo, maana hapa Butembo na kule Beni, ni nani asiyepanda pikipiki? Na kati yetu ni wangapi wanalipa masomo kwa pesa za taksi-moto?

Tuna sababu. Vakansi iliyopita mwenzetu mmoja aliweka pistoni mpya katika pikipiki ya kaka yake ili ipate nguvu. Nguvu ikapatikana kweli. Akapakia mikungu ya ndizi nyuma, akashika njia ya Beni, pale inaposhuka. Katikati ya mteremko usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwake, kushoto, kuume, kushoto, kuume, na kila alivyoukamata kwa nguvu ndivyo ulivyozidi. Akaanguka. Alirudi shuleni nyuma ya wenzake wote, mguu katika plasta. Watu walisema ni bahati mbaya. Lakini fundi alipofungua sehemu ya mbele, alikuta beringi za usukani zimekwisha kabisa. Motere walikuwa wameitazama. Usukani hakuna aliyeutazama. Ndipo tukakumbuka habari ya Burt Munro.

Alizaliwa tarehe 25 Machi 1899 katika mji wa Invercargill, kusini kabisa mwa Nyuzilandi. Alikua shambani kwa wazazi, akapenda mwendo wa mbio tangu utoto. Wazazi walitaka alime, lakini moyo wake haukuwa kwenye jembe. Mwaka wa 1920 alinunua pikipiki mpya ya Marekani, aina ya Indian Scout. Motere yake ilikuwa ya sentimeta kyubu kama 600, na mwendo wake haukupita kilometa 90 kwa saa. TVS ya motari wetu ingeweza kushindana nayo.

Sasa msikilize hapa: hakununua nyingine kuiweka mahali pake. Alikuwa na pikipiki ya pili, Velocette, lakini ile Indian ya 1920 hakuiacha mpaka uzee. Tangu mwaka wa 1926 alianza kuigeuza, chuma kwa chuma. Pesa hakuwa nazo. Mchana aliuza pikipiki za wengine, usiku alitengeneza ya kwake. Pistoni alizimimina mwenyewe, na makopo ya zamani yalikuwa kalibu yake. Vyuma vingine alivichonga kwa mkono miezi mingi. Chombo cha kupimia alikuwa amekifanya kwa spoki ya gurudumu. Mipira ya magurudumu aliikata meno kwa kisu, ibaki laini na nyepesi. Mafundi wetu wa Butembo wangemtambua upesi kuwa ndugu yao, maana wao pia hawangojei spea itoke mbali.

Tena alikuwa na rafu ambapo alipanga vyuma vyote vilivyovunjika. Sisi tukipata sifuri tunachana karatasi ili mama asione. Yeye aliyaweka makosa yake mbele ya macho, na kila mgeni aliyaona.

Hatumsifu kwa kila jambo. Alioa, akapata watoto wane, lakini ndoa ilivunjika, na nyuma yake aliishi katika gereji pamoja na pikipiki zake. Alianguka mara nyingi, akaumia vibaya. Mtu anayetafuta mfano wa baba wa nyumba amtafute kwingine.

Tufike kwenye jambo lenyewe. Motere ikizidi nguvu, taabu inahamia kwenye shasi na usukani. Kwa nini? Tazameni kitanda cha hospitali chenye magurudumu madogo. Ukikisukuma, gurudumu linajigeuza lenyewe na kufuata nyuma ya msumari wake. Usukani wa pikipiki ni vilevile. Mhimili wake umelala kidogo, na gurudumu la mbele linagusa udongo nyuma ya pale mhimili ungegusa. Kwa hiyo likipotoka linarudi lenyewe kwenye mstari. Lakini beringi zikilegea, ao shasi ikijikunja, ao mzigo wa nyuma ukiinua sehemu ya mbele, gurudumu linarudi kwa kupita mpaka, linarudi tena kwa kupita mpaka, na hapo mtetemeko unazaliwa. Katika mwendo mdogo hauuoni. Katika mwendo mkubwa unakutupa. Ndiyo sababu pikipiki nyingi za mashindano zinafungwa kifaa kidogo kwenye usukani, cha kuuzuia usicheze ovyo. Na ndiyo sababu fundi mwenye akili, akiongeza nguvu ya motere, anakagua kwanza beringi, shasi, springi na breki.

Munro alilijua hilo kwa mwili wake. Mwaka wa 1962, akiwa na miaka 63, alivuka bahari na pikipiki yake mpaka Bonneville, Marekani, katika jimbo la Utah. Ni ziwa lililokauka, chumvi tupu, tambarare kama meza. Alikuwa ameifunika Indian kwa ganda lenye umbo la samaki ili ipasue upepo, naye akilala kifudifudi ndani yake. Mwaka ule alifika kama kilometa 288 kwa saa, akapata rekodi ya dunia katika kundi la pikipiki za ukubwa wake. Lakini ganda kama hilo lina hatari yake: upepo ukilisukuma mbele zaidi kuliko nyuma, usukani hautulii.

Mwaka wa 1967, katika mbio moja, pikipiki ilianza kutetemeka akiwa amekwisha kupita nusu ya njia. Akainua kifua ili upepo umpunguzie mwendo. Upepo ukamng'oa miwani, macho yakashindwa kuona, pikipiki ikatoka mbali na mstari na kukosa kidogo tu kugonga mti wa chuma. Ikabidi achague: kuendelea kipofu, ao kuilaza chini kwa mwendo ule. Akailaza. Alitoka na michubuko tu. Alikuwa mzee wa miaka 68.

Mwaka uleule, tarehe 26 Agosti, aliweka rekodi ya pikipiki zisizozidi sentimeta kyubu 1000: kilometa 295.45 kwa saa. Pikipiki ilikuwa na umri wa miaka 47, na motere yake ilikuwa imekua kufika sentimeta kyubu kama 950.

Wale wanaosema hesabu haina kazi wasikie neno hili. Rekodi inahesabiwa kwa mbio mbili, kwenda na kurudi, kisha inachukuliwa wastani, ili upepo usimsaidie mtu. Mwaka wa 2014, mwana wake aligundua kwamba wastani ule wa 1967 ulihesabiwa vibaya. Wakuu wa mashindano wakasahihisha: kilometa 296.26. Kumbe miaka 47 mzee alikuwa amenyimwa karibu kilometa nzima, na kalamu ndiyo iliyomnyima.

Munro alikufa tarehe 6 Januari 1978 kwao Invercargill, si barabarani. Mwaka wa 2005 sinema ilionyesha maisha yake, na jina lake likajulikana hata kwa watu wasiopenda pikipiki.

Basi sisi tunaomaliza mwaka huu tunawaachia wadogo zetu neno moja. Wengi wetu tunatafuta nguvu: alama, diploma, pesa za haraka. Si vibaya. Lakini nguvu bila usukani ilimwangusha mwenzetu, na ilikaribia kumwua Munro aliyekuwa fundi kuliko sisi sote. Na ninyi mnaofanya taksi-moto wakati wa vakansi, kabla ya kushika njia ya Beni fanyeni hivi: simamisheni pikipiki, gurudumu la mbele liinuke juu, mshike ile mikono miwili inayolibeba, mtikise mbele na nyuma. Ikicheza, msiondoke. Nendeni kwa fundi kwanza. Ndizi zitangoja.