Dkt. Martin Luther na Taratibu za Ibada

Dkt. Martin Luther alizaliwa Eisleben, Ujerumani, mwaka 1483. Mwaka 1521, akiwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, mwalimu mwenzake Andreas Karlstadt aliibadili ibada ya Wittenberg kwa haraka. Siku ya Krismasi aliongoza Misa bila mavazi ya kikuhani, akawapa waumini mkate na kikombe pia. Punde sanamu zikavunjwa, na wengi wakafadhaika.

Luther alirudi Machi 1522, akahubiri siku nane mfululizo. Mengi ya mabadiliko hayo aliyakubali yeye mwenyewe, na hapo ndipo busara yake ilipodhihirika: alichokataa ni kuwalazimisha walio dhaifu wa imani. Mavazi na Misa ya Kilatini vikarudishwa, ili watu wafundishwe kwanza kwa Neno.

Mwaka 1523 alitoa utaratibu wa Misa kwa Kilatini. Mwaka 1526 akatoa wa Kijerumani, akisaidiwa katika muziki na Johann Walter. Ule wa kwanza hakuufuta. Alitaka vijana wadumu katika Kilatini. Hata Kiyunani na Kiebrania angevitumia kwa zamu, kama vingaliwezekana. Aliwasihi watu wasiufanye utaratibu wake kuwa sheria, wala wenye taratibu njema wasiziache. Ila majirani wa eneo moja aliona vema wapatane, kwa ajili ya upendo.

Alifariki Eisleben tarehe 18 Februari 1546. Katika makanisa mengi ya Kilutheri ya Ujerumani, Kilatini na Kijerumani viliendelea kuimbwa katika ibada moja.