Maulana Bhashani na watu wa visiwani

Kila Mto Tana unapovunja kingo na watu wa vijiji vya Garsen wakahamia kwenye mahema, mimi humkumbuka mzee mmoja wa ng'ambo ya bahari yetu hii: Maulana Abdul Hamid Khan Bhashani wa Bengal. Alizaliwa Sirajganj mwaka 1880, akasoma Deoband, kisha akaenda Assam kuwatetea wakulima masikini waliolima mafungu ya mchanga ya mto Brahmaputra, ardhi ambayo mto huileta na kuichukua upendavyo. Hata lakabu yake aliipata huko, kwenye kisiwa cha mto kiitwacho Bhasan Char. Alikuwa kiongozi wa vyama vikubwa, lakini mavazi yake yalibaki ya shamba: shuka ya kiunoni kama msuli wetu, na kofia ya kusuka.

Usiku wa 12 Novemba 1970, katikati ya Ramadhani, kimbunga kiliipiga Pakistan ya Mashariki, ambayo sasa ni Bangladesh. Ilikuwa bamvua. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Maji makuu yalikutana na upepo, bahari ikapanda juu ya Bhola, Hatiya na Manpura, visiwa tambarare kama jaruba la mpunga. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000, wengi wao wakulima na wavuvi.

Serikali ilikuwa upande wa pili wa India, zaidi ya kilomita 1,500. Rais Yahya Khan, akirudi kutoka China, mara ya kwanza aliwatazama wahanga kutoka angani tu. Msaada ulikawia. Uchaguzi mkuu ulikuwa wiki chache mbele, na wanasiasa wengi walikuwa na kampeni zao.

Bhashani, mzee wa karibu miaka 90, alikwenda mwenyewe kwenye matope na maiti. Tarehe 23 Novemba alisimama katika uwanja wa Paltan, Dhaka, akawasimulia watu aliyoyaona, akaishtaki serikali hadharani kwa kuwatelekeza raia wake. Mshairi Shamsur Rahman alimwandikia shairi kuhusu nguo yake nyeupe siku ile. Ninachompendea ni kwamba hakuomba kama mwombaji. Walipa kodi waliozama walikuwa wanadai haki yao, na aliyechelewa kuitoa alikuwa mdeni. Sisi huku bado tunampigia makofi kiongozi anayeshusha magunia ya mahindi mbele ya kamera, kana kwamba ameyatoa ghalani kwake.

Kisha chama chake kikasusia uchaguzi. Hapo simuungi mkono, maana wenzake wa Awami League waliingia, wakavuna hasira ile ile na kupata viti 160 kati ya 162 vya upande wa mashariki. Mwaka uliofuata nchi ikajitenga kwa vita.

Hata uhuru haukumnyamazisha. Mei 1976 aliongoza maandamano marefu kutoka Rajshahi kuelekea mpakani, akipinga bwawa la Farakka ambalo India ilikuwa ikilitumia kugeuza maji ya Ganges huku mashamba ya chini ya mto yakikauka. Alifariki Dhaka tarehe 17 Novemba mwaka huo huo, akazikwa Santosh, Tangail, mashambani.